Magunzi na makapi ya miwa: mali inayobaki nyuma ya lori

Mahindi yanayovuka Namanga, Busia na Mutukula huacha magunzi kijijini. Kwenye viwanda vya sukari, makapi ya miwa huchomwa kupata mvuke. Kakira, karibu na Jinja, huuza hata umeme kwa gridi ya Uganda. Lakini mabaki hayo yana bidhaa nyingine inayouzwa kwa pipa: fufurali.

Viwanda huitumia kusafisha vilainishi vya mitambo na kutengeneza gundi inayoshika mchanga wa kalibu za kusubia vyuma. Si jambo geni. Nchini Marekani, Quaker Oats ilianza kuizalisha mwaka 1922 kwa maganda ya nafaka. Leo China inaongoza, ikitumia magunzi. Huko Sezela, Afrika Kusini, kampuni ya Illovo imeitoa kwenye makapi ya miwa kwa miaka mingi.

Njia ya zamani hutumia asidi ya salfuri, ambayo hula mitambo na kuacha taka chafu. Watafiti sasa wanategemea zaidi maji yenyewe.

Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwenye mwinuko, huchemka kabla ya hapo. Yakifungwa kwenye mtungi wenye presha mara 16 hivi ya hewa ya kawaida, hubaki maji hata kwenye nyuzi 200. Kwa joto hilo huanza kufanya kazi kama asidi hafifu, na mmea wenyewe hutoa asidi ya siki inayosaidia. Sehemu laini ya mmea huyeyuka kuwa sukari, kisha fufurali. Muda ukizidi, fufurali nayo huharibika. Kinachobaki bado kinaweza kuchomwa.

Mfanyabiashara aangalie usafiri kwanza. Makapi yakitoka kinuni, karibu nusu ya uzito wake ni maji: lori la tani 10 hubeba tani 5 za maji. Magunzi ni mepesi, hujaza lori kabla halijafikia uzito wake. Tani moja ya fufurali huhitaji tani 10 au zaidi za magunzi. Kwa hiyo mabaki hayafai kusafirishwa mbali. Kinachofaa kuvuka mpaka ni pipa.

Pipa hilo nalo si la mafuta ya kula. Fufurali ni sumu na huwaka, hivyo huhitaji chombo sahihi, alama za hatari na vibali.

Mitungi ya presha ni ghali, na kiwanda hakijengwi bila uhakika wa malighafi. Hapo ndipo mnunuzi wa mahindi ana nguvu: anajua nani ana magunzi, kiasi gani, na msimu upi. Ila akumbuke kwamba magunzi hayo ni kuni za jiko la mtu. Bei isiyofikia gharama ya kuni mbadala itamtajirisha mwenye kiwanda na kumwacha mama wa kijijini bila moto.