Chupa ya Penisilini: Pima, Shika Saa, Maliza Siku

Mkulima, wewe wajua jambo hili tangu siku ulipomleta ng'ombe wako wa kwanza wa gredi nyumbani: dawa ya kupe iliyozimuliwa kupita kiasi haiui kupe. Ukiwapeleka ng'ombe wako katika dipu, au ukiwanyunyizia nyumbani kwa bomba la mkono, dawa hupimwa, maji hupimwa, na siku ya kuogesha hairukwi. Mtu akipunguza dawa ili aweke akiba, kupe wengine hufa na wengine hubaki. Wale wanaobaki huzaa, na baada ya muda shamba hujaa kupe wasioogopa dawa ile tena. Hasara yake huonekana ndama anapokufa kwa ndigana.

Lakini mara nyingi mkulima huyo huyo, ambaye hawezi kukisia dawa ya ng'ombe, hukisia dawa ya mtoto wake. Mtoto ameumwa na koo, amepelekwa dispensari, amepewa chupa ya penisilini ya maji. Nyumbani dawa hupimwa kwa kijiko chochote kilicho karibu, hunywewa saa yoyote, na siku ya tatu mtoto akianza kucheza, chupa huwekwa juu ya kabati ingojee mgonjwa mwingine. Mwezi huu twataka kukueleza kwa nini jambo hili ni la hatari, na namna ya kuitumia chupa hiyo vizuri.

Penisilini ilitoka wapi?

Penisilini ilitokana na ukungu, jamaa ya ule unaouona juu ya mkate uliolala. Katika mwaka 1928, daktari Alexander Fleming aliona katika hospitali ya St Mary's, London, kwamba ukungu ulioingia katika sahani yake ya vijidudu ulikuwa ukiviua vile vilivyokuwa karibu nao. Baadaye Howard Florey na Ernst Chain, pamoja na wenzao wa Oxford, waliitengeneza ikawa dawa ya kuponya watu. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel katika mwaka 1945.

Penisilini ya kwanza ilitiwa mwilini kwa sindano, kwa sababu ukali wa tumbo uliiharibu kabla haijaingia katika damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Austria walipata aina inayoweza kuvumilia ukali huo, nayo huitwa penisilini V. Basi ukipewa dawa ya kunywa, usidhani kwamba daktari amekunyima sindano. Dawa ya kunywa, ikitumiwa kama ilivyoandikwa, yatosha kabisa kwa ugonjwa wa koo.

Fleming mwenyewe alionya katika mwaka ule wa 1945 kwamba mtu akitumia penisilini kidogo isiyotosha, atavifundisha vijidudu kuivumilia. Alisema kweli. Leo viko vijidudu vingi duniani ambavyo penisilini haiviui tena.

Koo laweza kuharibu moyo

Mtu atauliza, “Koo ni kitu gani hata tusumbuke hivi?” Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye shida.

Maumivu mengi ya koo huja pamoja na mafua na kikohozi, nayo hupona yenyewe. Hayo hayahitaji penisilini, na penisilini haiyasaidii hata kidogo. Lakini iko aina nyingine ya ugonjwa wa koo inayoletwa na vijidudu viitwavyo streptokoki. Mara nyingi huanza ghafula: homa kali, uchungu wakati wa kumeza, tezi za shingo kuvimba, na pengine utando mweupe kooni. Daktari ndiye atakayepambanua.

Vijidudu hivyo vya streptokoki bado hufa kwa penisilini. Visipouawa, mtoto aweza kuonekana amepona, kisha baada ya wiki mbili au tatu akashikwa na homa nyingine. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma, leo hapa, kesho pale. Hiyo ni homa ya rumatiki, nayo huwashika zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15. Maumivu ya viungo hupita, lakini homa hiyo huweza kuharibu vali za moyo, yaani milango midogo inayoruhusu damu kupita na kuizuia isirudi nyuma. Mtoto aliyeharibika vali huchoka upesi, hukosa pumzi akipanda kilima, na wengine huhitaji kupasuliwa. Tena aliyewahi kupata homa hiyo hupaswa kudungwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi.

Basi chupa ile ndogo hulinda koo, na pia hulinda moyo wa mtoto wako. Kwa sababu hiyo daktari aweza kuandika siku 10, ingawa homa hushuka siku ya pili au ya tatu. Homa kushuka si dalili ya kwamba vijidudu vimekwisha. Ni kama shamba ulilolipalilia juu juu: sangari haionekani, lakini mizizi ingali chini.

Kabla hujaondoka dispensari

Usione haya kusema na kuuliza. Mambo haya yafaa ayajue daktari au mtoa dawa kabla hajakupa chupa:

1. Kama mgonjwa alipata kuvimba, kupata vipele au kukosa pumzi baada ya penisilini, amoxicillin au dawa nyingine yoyote.

2. Dawa nyingine anazotumia, pamoja na za miti shamba.

3. Kama nyumbani huna friji. Penisilini V ya maji, ikisha kuchanganywa, huhitaji kukaa katika friji, nayo hudumu siku 7 tu kwa kawaida. Ukisema mapema, daktari aweza kukupa tembe, au dawa nyingine inayofaa, kama tembe za amoxicillin zinazoyeyushwa katika kijiko cha maji.

4. Kama mtoto huenda shule ya mbali na hawezi kupata dawa ya mchana. Daktari aweza kupanga saa nyingine. Usizipange wewe mwenyewe.

Kisha soma karatasi ya chupa, au umwombe mtu akusomee: jina la mgonjwa, kipimo, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Angalia pia nguvu ya dawa. Ziko chupa zenye miligramu 125 katika kila mililita 5, na ziko zenye miligramu 250 katika mililita hizo hizo 5. Chupa hizi hufanana, lakini moja ina nguvu mara mbili ya nyingine. Kwa hiyo usifuate kipimo cha chupa ya mwaka jana, wala cha mtoto wa jirani.

Kuchanganya unga na maji

Dawa hii hutoka kiwandani ikiwa unga mkavu. Mara nyingi huchanganywa palepale dispensari. Lakini fikiri hesabu hii: mtoto akiandikiwa mililita 5 mara 4 kwa siku, atatumia mililita 20 kila siku. Chupa ya mililita 100 itakwisha kwa siku 5, na siku 10 zitahitaji chupa mbili. Zote mbili zikichanganywa siku ya kwanza, ile ya pili itaharibika kabla haijakwisha. Ndiyo sababu waweza kupewa chupa ya pili ikiwa bado unga. Iweke pakavu, ikiwa imefungwa, mpaka ya kwanza iishe. Kisha irudishe dispensari wakuchanganyie, au uichanganye nyumbani kama ulivyoonyeshwa.

Kwanza nawa mikono. Gongagonga chupa ili unga ulegee. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kama nusu ya yale yanayotakiwa, funga na utikise mpaka unga wote ulowane. Kisha ongeza maji mpaka alama iliyo juu ya chupa, utikise tena. Ngoja povu litulie uangalie. Kama dawa imeshuka chini ya alama, ongeza maji kidogo. Usitie maji ya moto, wala usipite alama. Andika tarehe juu ya chupa.

Kupima na kunywesha

Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima, hata kama umeitikisa asubuhi. Dawa hukaa chini. Usipotikisa, mtoto hunywa maji matupu siku za kwanza, na siku za mwisho hunywa dawa nzito.

Pima kwa kijiko cha plastiki au bomba dogo lisilo na sindano lililotoka pamoja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja hujaa mililita 3, kingine hujaa 7. Kama hukupewa cha kupimia, rudi ukiombe.

Mnyweshe mtoto akiwa ameketi. Ukitumia bomba, elekeza upande wa shavu, usukume polepole, asije akapaliwa. Usichanganye dawa katika chupa nzima ya maziwa au bakuli la uji, kwa maana asipomaliza hutajua amekunywa kiasi gani.

Shika saa

Penisilini V hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya chakula, au saa mbili baada yake. Kwa mtoto aliyeandikiwa mara nne, fuata kazi za nyumbani: alfajiri unapokwenda kukamua, kabla ya uji, mchana kabla ya chakula, jioni kabla ya chakula, na usiku wakati wa kulala. Weka alama ukutani kwa kila dawa uliyompa, ili mama na baba wasimpe mara mbili.

Ukisahau, mpe mara ukumbukapo. Lakini kama saa ya dawa inayofuata imekaribia, iache ile iliyopita na uendelee kama kawaida. Usimpe vipimo viwili kwa pamoja. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena kipimo kile kile mara moja. Akitapika kila mara, mrudishe kwa daktari.

Wakati wa kukimbilia daktari

Wagonjwa wengine huharisha kidogo au kusikia kichefuchefu; mara nyingi hupita. Lakini kuhara maji mengi au damu ni lazima kuonyeshwa daktari siku ile ile. Akitoka vipele au mabaka yanayowasha, usimpe kipimo kingine mpaka daktari amwone. Na kama uso, midomo au ulimi huvimba, au anapumua kwa shida, au anaishiwa nguvu ghafula, usingoje asubuhi. Simamisha dawa, tafuta gari, mpeleke hospitali mara moja. Jambo hili ni la nadra, lakini huua upesi.

Mtoto akimaliza siku mbili au tatu za dawa na homa haijashuka, mrudishe pia.

Dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe

Mkulima anayekamua huijua penisilini kwa njia nyingine, yaani mirija inayotiwa katika chuchu ng'ombe akiugua kiwele. Hiyo si ya watu, hata kama jina ni moja. Kipimo chake si cha mtu, na vitu vilivyochanganywa ndani yake havikutengenezwa kwa mtu.

Tena, maziwa ya ng'ombe anayetibiwa hayafai kunywewa wala kupelekwa chama cha ushirika mpaka siku zilizoandikwa katika paketi zipite. Penisilini iliyomo yaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake huikataa. Pia huua chachu ya mtindi na jibini, na pipa zima la maziwa ya wenzako laharibika kwa ajili ya debe lako moja.

Siku ya mwisho

Mtoto akisha kunywa dawa kwa siku zote alizoandikiwa, yale yanayobaki chini ya chupa si akiba. Usimpe ndugu yake akikohoa, wala usimwazime jirani, wala usimwage mtoni. Yarudishe dispensari au duka la dawa. Na wakati chupa ingali inatumika, iweke mahali ambapo watoto hawafiki, maana ni tamu na mtoto mdogo hudhani ni maji ya matunda.

Basi, mkulima, ukiipokea chupa ya penisilini, ishike kama unavyoishika dawa ya kupe. Pima kwa kipimo chake. Shika saa. Maliza siku zote, hata kama mtoto ameanza kukimbia uwanjani. Ndama hununuliwa tena sokoni. Moyo wa mtoto haununuliwi.