Majani ya Ng'ombe na Hati za Mlima

Kilimanjaro ina heshima mbili za kimataifa. Moja kila mtu anaijua: mwaka 1987 UNESCO iliiingiza hifadhi ya taifa iliyo juu katika Urithi wa Dunia kwa uzuri wake wa asili. Ya pili ni ya mwaka 2011, pale FAO ilipoutambua mfumo wa kihamba, Shimbwe Juu huko Uru ikiwa mfano wake, kuwa urithi wa kilimo.

Kihamba si shamba. Shamba kwa Mchaga liko tambarare, la mahindi na maharage. Kihamba ndiko alikozaliwa na ndiko atakakozikwa. Mringaringa umesimama juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi ardhini, isale mpakani, na maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi, yanapita kando. Lakini moyo wake ni ng'ombe wa zizini. Huyu hachungwi, analetewa majani, na samadi yake ndiyo inayoutunza mgomba katika ardhi isiyopumzishwa.

Mpango ulioambatana na heshima ya 2011 ulitazama kipato: kahawa isiyowekwa kemikali, vanila, samaki wa trauti kwenye mifereji, na ukarabati wa mifongo. Sikosoi hata kimoja. Bei ya kahawa ilipoporomoka watu waling'oa mibuni, na kijana hawezi kuombwa atunze urithi usiomlisha. Tatizo ni kwamba kihamba hakiishii kwenye uzio wa isale. Kuni, majani na maji vinatoka juu, msituni.

Hata wakoloni walilielewa hilo. Mwaka 1941 walitenga ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu ili wananchi wapate mahitaji yao. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa ikaumeza msitu, na matumizi yale ya zamani yakabanwa. Msitu ulikuwa ukikatwa kweli, na ulinzi ulihitajika. Ila miaka sita baadaye ikaja heshima ya kumsifu mkulima kwa mfumo ambao mguu wake mmoja umekanyaga ndani ya mpaka wa askari. Hati ya juu ina sheria, lango na mapato. Ya chini haina askari wala lango, ina jina zuri na mikono ya wenyeji.

Natamani wakubwa wa hifadhi na wazee wa mifongo wakae kikao huko juu kabisa, kwenye banio la mfereji, na mama aliyebeba mzigo wa majani awe wa kwanza kuulizwa ameyatoa wapi, na kesho atayatoa wapi.