Omena Haifungwi Mbichi, Nywele Je?

Ukifika ufuo wa Usenge asubuhi jua likianza kushika, kitu cha kwanza utakachoona ni omena. Imetandazwa chini kwenye nyavu, na kina mama wameinama wakiigeuza. Hakuna mchuuzi hapo atakayekubali kuitia kwenye gunia ikiwa bado na maji. Anajua kitakachofuata: itavunda, itanuka, na pesa ndiyo hiyo imeenda. Mvua ikija omena inafunikwa na watu wanangoja. Hata mteja awe amesimama na gari linanguruma, atangoja tu.

Sasa panda juu kidogo, uingie kwenye vibanda vya wasusi Ijumaa jioni. Msichana ametoka kuosha nywele. Ni ndefu, nzito, na zinadondosha maji hadi mabegani. Anakaa kitini, msusi anashika chanuo, na nusu saa haijaisha mistari ya kwanza imeshafungwa, nywele za dukani zikiwa zimeunganishwa ndani. Maji yote yamebaki humo. Kesho kuna matanga Bondo, keshokutwa ni kurudi chuo. Nani ana muda wa kungoja?

Mji ni mmoja, lakini kanuni ni mbili. Ya omena tumeiheshimu tangu zamani. Ya nywele tumeiacha, na wanaolipa ni wasichana wa miaka ishirini na kitu ambao nywele za mbele zimeanza kuwahama.

Kabla ya lawama, wacha niwatetee wasusi kidogo. Wana sababu zao, tena nzuri. Nywele zetu zikikauka zinajikunja na kurudi juu. Zile zilizokuwa zinagusa bega sasa ziko masikioni. Zikiwa na unyevu zinalainika, zinagawanyika vizuri, na mstari unatoka umenyooka kama umepimwa kwa rula. Kuna pia suala la stima. Draya inakula tokeni vibaya sana, na kuna siku stima yenyewe haipo. Halafu kuna foleni: wateja wanne wamekaa kwenye benchi, na kila anayengoja nywele zikauke amekalia nafasi ya mwingine. Msusi analipwa kwa kichwa, halipwi kwa saa.

Kwa hivyo swali si kama wasusi ni wabaya. Swali ni maji yanafanya nini ndani ya nywele. Mimi chuo niliacha kabla ya kuvaa lile joho la mahafali, lakini kemia hii haihitaji joho.

Uzi wa nywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini. Ndani yake kuna vifungo vingi vidogo vya haidrojeni. Maji yakiingia, vifungo hivyo vinaachana. Nywele zikikauka, vinashikana tena katika umbo lolote vilivyojikuta nalo. Ndiyo maana ukisokota mabutu nywele zikiwa na unyevunyevu, ukayafungua asubuhi zikiwa kavu, unapata yale mawimbi matamu ya kupigia selfi. Hakuna uchawi hapo.

Lakini maji hayohayo yana upande wa pili. Nywele inaweza kunywa maji hadi karibu theluthi moja ya uzito wake. Inavimba, na magamba madogo ya nje yanainuka. Katika hali hiyo inavutika kama mpira. Nywele yenye afya, ikiwa imelowa, inaweza kuvutwa ikaongezeka urefu kwa takriban asilimia 30 kabla ya kuanza kuharibika. Ile iliyotiwa rangi au dawa ya kunyoosha haifiki huko. Inachoka mapema.

Hapa ndipo mtandao unatuchanganya. Video nyingi za TikTok na YouTube zinasema usiguse nywele kwa chanuo zikiwa na maji. Kwa mwenye nywele nyoofu huo ni ushauri mzuri. Zetu ni tofauti. Uzi wake ni bapa kidogo, si mviringo, na umejikunja mara nyingi kutoka shinani hadi nchani. Kila kona ni mahali pa kukatikia. Ukizichana kavu, nyuzi zinang'ang'aniana, mafundo yanajifunga, na unasikia tu ka, ka, ka. Wataalamu waliopima nguvu inayohitajika kuchana nywele za asili ya Kiafrika waliona zinachanika kwa urahisi zaidi zikiwa na maji. Kwa hivyo bibi aliyekulowesha kichwa kabla ya kukuchana hakukosea hata kidogo.

Shida inaanza pale tunapodhani kuchana na kusuka ni kitu kimoja. Kuchana ni kazi ya dakika chache, kisha nywele inaachwa huru. Msuko unakaa wiki sita, wakati mwingine nane. Uliyemvumilia dakika kumi si lazima umvumilie miezi miwili. Ukiniuliza kwa kifupi: chana zikiwa na maji, gawanya zikiwa na unyevu, lakini suka zikiwa kavu.

Kwa nini kavu? Sababu ya kwanza ni mkono. Nywele iliyolowa haimpi msusi upinzani. Anavuta, inakuja. Anavuta tena, bado inakuja. Kwa kuwa anataka msuko ushike na udumu, anafika mbali kuliko angefika kwenye nywele kavu, na hakuna kinachomwambia amepita mpaka. Maji yakiondoka, uzi unataka kurudi urefu wake, lakini umeshafungwa. Mzigo wote unabaki kwenye mzizi.

Sababu ya pili ni ule unyevu uliofungiwa. Nywele za dukani ni nyuzi za viwandani, ndugu wa plastiki. Zenyewe hazinywi maji, ila zinayashikilia katikati ya nyuzi. Ongeza mafuta, ongeza jeli, kisha funga kitambaa ulale. Hapo shina la msuko linakaa bichi usiku kucha na hata siku inayofuata, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei. Kwenye ngozi ya kila kichwa kuna hamira fulani, Malassezia, inayoishi kwa kula mafuta ya ngozi. Ikipata joto, mafuta na unyevu pamoja, inanawiri. Matokeo unayajua: mba, kuwashwa, na ile harufu inayomfanya mtu akatae kukumbatiwa. Kuna pia ukungu uitwao piedra nyeupe, unaoshika uzi wa nywele kwa vijidonge vidogo vyeupe. Madaktari wa ngozi wameuhusisha na tabia ya kufunga nywele zikiwa bado na maji.

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe hofu mbili zisizo na msingi. Ya kwanza: ati ukisukwa na maji kichwani utapata mafua. Mafua yanaletwa na virusi. Hayaletwi na chanuo. Kichwa kikikuuma usiku baada ya kusukwa, kisingizie mvuto, usisingizie baridi ya ziwa.

Ya pili: ukifumua msuko ukaona bonge la nywele mkononi, usipige nduru bado. Mtu wa kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, hata asipofanya kitu. Zikiwa ndani ya msuko haziwezi kuanguka, zinangoja. Kwa siku 42 hizo ni kati ya 2,100 na 4,200. Zinazopaswa kukutisha ni za aina nyingine. Chukua moja uitazame nchani. Ikiwa na kijidonge cheupe, ilitoka yenyewe kwenye mzizi na nyingine itaota. Zikiwa fupi fupi bila kijidonge, zimekatika. Na zikiwa zimetoka kwa wingi sehemu moja tu, hasa mbele na juu ya masikio, kuna mtu anavuta sana.

Sasa tufike penye uchungu wenyewe. Nywele kutoka kwa sababu ya kuvutwa ni ugonjwa unaojulikana, alopesia ya mvuto, na haukuanzia Afrika. Uliripotiwa mwaka wa 1907 kutoka Greenland, kule kwenye barafu, kwa wanawake waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kukaza. Lakini sisi ndio tumeukumbatia. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya wasichana wa shule na wanawake nchini Afrika Kusini. Walikuta dalili zake kwa takriban asilimia 17 ya wasichana wa shule, na karibu asilimia 32 ya wanawake. Huyo ni mmoja kati ya kila watatu. Hesabu wanawake waliokaa kwenye benchi la saluni yako, kisha ugawanye.

Habari njema ni kwamba mwanzoni ugonjwa huu unarudi nyuma. Ukiacha kuvuta, nywele zinaota. Habari mbaya ni kwamba ukiendelea miaka na miaka, mzizi unakufa na kuacha kovu, na hapo hakuna mafuta ya nazi, maji ya kitunguu wala maombi ya TikTok yatakayouamsha. Dalili za mapema ni hizi: vipele vidogo kando ya uso siku moja au mbili baada ya kusukwa, ngozi iliyoinuka kama hema chini ya kila msuko, kushindwa kulala upande, au vinywele vyembamba vilivyobaki mbele kama ua wa shamba huku nyuma yake pakiwa wazi.

Maji peke yake hayang'oi nywele. Yanamfanya msusi avute zaidi na wewe uhisi kidogo zaidi, halafu yanakauka na kukuacha na deni. Nywele ndefu zinazidisha mambo, kwa sababu zinabeba maji mengi na zinakauka polepole, na uzito wake umeongezwa wa zile za dukani.

Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Kwa heshima zote, kwenye hili la nywele wahenga watuwie radhi. Tumelelewa tukiamini msuko usiouma haujashika. Binti anameza tembe ya maumivu kabla ya kwenda saluni, na anaona ni kawaida tu. Tena msusi mara nyingi ni mtu mzima, rika la mama yako, na kumwambia anavuta inaonekana kama kukosa adabu. Si kukosa adabu. Sema kwa upole: "Anti, hapa mbele naomba ulegeze kidogo." Ukiona huwezi kuinua nyusi au kufumba macho vizuri, sema tena. Kichwa ni chako, na pesa ni zako.

Basi tufanyeje, sisi tusio na stima ya uhakika wala siku nzima ya kupoteza? Osha siku moja kabla. Ukisukwa Jumamosi, osha Ijumaa asubuhi. Kamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo, maana taulo linakwaruza. Paka kondishena au mafuta kidogo, chana kuanzia nchani ukipanda juu, kisha gawanya mafungu sita hadi manane. Kila fungu lisokote bila kukaza, au lizungushie uzi kuanzia shinani, ule mtindo wa nyuzi ambao mama zetu waliujua kabla ya draya kufika. Kisha kaa kivulini upande wa ziwa, upepo ufanye kazi yake bure. Asubuhi zitakuwa kavu, laini na zimenyooka kiasi cha kumfurahisha msusi yeyote. Ndani ya mafungu shika kwa vidole, hasa katikati ya kisogo ambako kunachelewa. Pakiwa baridi bado pana maji.

Kama ni lazima usukwe zikiwa na unyevu, chagua mabutu makubwa ya nywele zako mwenyewe, yaliyolegea, bila kuongeza kitu, na uyafungue baada ya siku chache. Usifunge kitambaa mpaka yakauke. Mtoto mdogo naye asisukwe na nywele za dukani zikiwa mbichi. Hana maneno ya kukuambia panauma wapi.

Na kwa sababu tuko Usenge, neno moja kuhusu maji yenyewe. Kuosha nywele ukiwa umesimama ziwani kunapendeza kwenye picha, lakini Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama hapo unasugua shampuu. Teka maji, uyaache kwenye mtungi siku mbili au uyachemshe, kisha uoshee nyumbani.

Wasusi wangu, nanyi mna kura hapa. Mteja akija kichwa kinadondosha, mgawie mafungu, msokote, kisha mwambie aende akapige stori ufuoni na arudi saa tisa. Kiti hakijapotea, mteja mwingine atakikalia. Na wewe mrembo, ukiambiwa hivyo usinune ukahamia kibanda cha jirani. Huyo msusi hajakufukuza. Anataka urudi kwake ukiwa na miaka arobaini, ukiwa bado na nywele za kusukwa.