Fahamu: Kwa nini Republican hupata shida kwa wapiga kura weusi na wanawake?

Chama cha Republican cha Marekani, chama cha Rais Abraham Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa mwaka 1863, leo huambulia kura chache za Wamarekani weusi. Jeraha kubwa ni la 1964: mgombea wake wa urais, Seneta Barry Goldwater, aliipinga Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Watoto na wajukuu wa Wamarekani weusi wa wakati huo hawajasahau, na wana haki.

Kwa wanawake, pengo kati ya kura zao na za wanaume lilijitokeza wazi katika uchaguzi wa 1980. Kisha mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, yenye majaji wengi walioteuliwa na marais wa Republican, ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, uamuzi uliowaudhi wanawake wengi. Hata hivyo, tusiwatie wanawake wote kapu moja: wanawake wazungu wengi walimpigia kura Donald Trump wa Republican mwaka 2024, huku wanawake weusi wengi wakimchagua mpinzani wake, Kamala Harris.