Sikio likizima ghafla: vidonge vikishindwa, bado ipo njia

Mama mmoja auzaye vitenge hapa Bujumbura aliamka asubuhi akakuta sikio la kushoto kimya, ndani likivuma kama nyuki. Akadhani ni nta, akatia matone siku 10. Alipomfikia daktari akapewa vidonge, wiki ikapita bila nafuu. Majirani wakamwambia akubali tu yaishe.

Ndugu msomaji, usikubali mapema. Kwanza jipime: funga mdomo, uvume "mmm". Sauti ikielekea sikio bovu, huenda ni nta au maji nyuma ya ngoma. Ikielekea sikio zima, huenda ni neva ya kusikia. Hiyo ni dharura, hata kama huumwi. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari.

Dawa ya kawaida ni vidonge vya steroidi, kama prednisoloni, na hufaa zaidi vikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Vikishindwa, kati ya wiki ya 2 na ya 6 tangu sikio lizime, daktari huweza kuitia ganzi ngoma ya sikio, akapitisha sindano nyembamba na kuiweka steroidi ndani kabisa. Hurudiwa mara kadhaa. Si wote wanaopona, lakini wapo wanaorudishiwa usikivu. Tena haipandishi sana sukari kama vidonge, jambo jema kwa mwenye kisukari.

Penye chumba cha oksijeni cha kutibia wazamiaji, nacho hutumika pamoja na steroidi, ndani ya mwezi wa kwanza. Omba pia upimwe usikivu kabla na baada ya tiba. Picha ya kichwa nayo ni muhimu, kwani mara chache chanzo huwa ni uvimbe kwenye neva. Kama ulidungwa gentamisini au ulimeza kwinini, sema.

Sisi tuliosoma Tanzania tumezoea "daktari wa masikio, pua na koo". Hapa, mapokezi, uliza ORL, na ugonjwa wako uutaje "surdité brusque". Andika tarehe sikio lilipozima. Mfanyabiashara wa mpakani, usiseme utatibiwa ukirudi safari.

Yule mama alidungwa wiki ya nne. Sasa anasikia simu ikilia, ila wateja bado anawasimamisha upande wa kulia. Zile siku 10 za matone ndizo anazozijutia.