Duka limevunjwa Bariadi? Usifute kaunta kwanza

Mfanyabiashara akifika asubuhi na kukuta duka limevunjwa, haraka yake huwa ni kuokota vitu na kufuta kaunta. Hapo ndipo ushahidi unapopotea.

Kidole hutoa jasho muda wote. Ndani yake kuna maji, chumvi na amino asidi, na ukishika uso au nywele, mafuta yanaongezeka. Ukigusa kitu, mchanganyiko huo unabaki pale kwa umbo la mistari ya kidole chako. Kwa macho huoni kitu. Kemikali ndizo zinazoufichua.

Kwenye karatasi
Daftari la madeni au risiti ya pamba hupakwa ninhidrini. Ikikutana na amino asidi, alama inatokea kwa rangi ya zambarau, hata kama ina miaka. Siegfried Ruhemann aliitengeneza Uingereza mwaka 1910, lakini wanasayansi wa Sweden walipendekeza itumike kusaka alama za vidole mwaka 1954.

Kwenye chupa, plastiki na chuma
Hapa inatumika supa gluu, ile ile ya kubandikia viatu. Inapashwa moto ndani ya kabati lililofungwa lenye unyevu, mvuke wake unaganda juu ya alama na kuifanya nyeupe. Usijaribu nyumbani, mvuke huo unawasha macho na kifua.

Karatasi ikilowa mvua
Maji huondoa chumvi na amino asidi, hivyo ninhidrini haifui dafu. Mafuta hubaki, na kuna dawa yenye madini ya fedha inayoyashika na kuchora mistari ya kijivu. Kwa hiyo usitupe daftari lililolowa, wala usilikaushe kwa pasi.

Alama haina saa
Alama inaonyesha nani aligusa, haisemi aligusa lini. Mteja aliyeshika kaunta jana mchana anaweza kuwa na alama palepale alipopita mwizi. Ndiyo maana wachunguzi huchukua pia alama za mwenye duka na wafanyakazi wake, ili waziondoe kwenye hesabu, na huhitaji ushahidi mwingine kabla ya mtu kuitwa mwizi.

Ufanye nini?
Toka nje, zuia watu wasiingie, piga 112. Ukilazimika kuokoa karatasi, ishike kwenye kona na uiweke ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki.