Waya wa kinga, omleti na Beethoven

Mutu akisikia jina Beethoven anafikiri Ulaya. Lakini kuna watu wanaopiga muziki wake kwetu hapa Kongo, kule Kinshasa, na wengi walianza bila kujua kusoma noti.

Armand Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Kazi ilipomuishia, mwaka 1994 akaanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule aliyefia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lile lilikuwa na makwaya na fanfare toka zamani, kwa hiyo waimbaji walikuwako tayari.

Vyombo ndivyo vilikosa. Watu walipokezana violoni moja: huyu dakika chache, kisha yule. Uzi ukikatika, wanafunga waya wa breki ya kinga. Fundi wa kinga wa Pepa angeajiriwa siku ileile!

Mwaka 2010 ilitoka filamu Kinshasa Symphony. Ndani yake mama mmoja, mpiga selo, anaamka alfajiri sana kwenda sokoni kukaanga na kuuza omleti. Mazoezi ni baadaye. Muziki haumulipi, basi omleti ndiyo inalisha nyumba. Umeme nao unakatika Beethoven ikiwa karibu kuisha.

Mwaka 2014 walisafiri mpaka Uingereza, wakapiga pamoja na wanamuziki wa kule. Hawakubeba vya wazungu tu: Diangienda mwenyewe anatunga, na nyimbo za kanisa lao zinasikika ndani ya violoni zile.